Maana Bila Sauti: Tahakiki ya Njia ya Heisig ya Kujifunza Kanji

Mgeni ajifunzaye Kijapani hukutana mapema na kanji, yaani herufi zilizotoka Uchina, ambazo kila moja hubeba maana, wala haiwakilishi sauti tupu. Orodha rasmi ya serikali ya Japani ya mwaka 2010 ina herufi 2,136 za matumizi ya kawaida. Si ajabu, basi, kwamba wengi wametafuta njia ya mkato, na mojawapo iliyo mashuhuri ni ile ya James W. Heisig, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Nanzan mjini Nagoya, iliyotokea mara ya kwanza mwaka 1977 na kujulikana baadaye kwa jina la Remembering the Kanji.

Njia yenyewe ni hii. Kila herufi hupasuliwa sehemu zake, kila sehemu ikapewa jina, na majina hayo yakaungwa kwa kisa kifupi kitakachokaa moyoni. Kisha herufi nzima hufungwa na neno moja tu la Kiingereza liwe ndilo maana yake. Ama matamko, hayo huahirishwa mpaka kitabu cha pili. Hoja ya Heisig ni kwamba wanafunzi watokao Uchina huwapita wenzao kwa kuwa wanakuja wakiijua tayari sura ya herufi na maana yake. Kwa hiyo mgeni mwingine naye aanze kwa kupata hayo mawili, na sauti zitafuata.

Hoja hii ina mvuto, lakini haina budi kupimwa, na kipimo kizuri ni herufi 生. Asili yake ni picha ya mmea uchipuao ardhini. Orodha rasmi huipa matamko 12: mawili yaliyotoka Uchina, na kumi ya Kijapani chenyewe. Katika gakusei, mwanafunzi, husomwa sei. Katika isshō, maisha yote ya mtu, husomwa shō. Ikiru ni kuishi, umareru ni kuzaliwa, haeru ni kuota kama yaotavyo majani au meno. Nama ni -bichi, kama samaki asiyepikwa. Na ki ni kitu kisichochanganywa, kama katika kiito, uzi wa hariri ghafi.

Wingi huu hauna ajabu kwa msemaji wa Kiswahili. Akiiona tarakimu 9 aweza kusoma tisa, neno lililotoka katika Kiarabu, au kenda, neno la Kibantu. Alama ni moja, maneno mawili, moja la kuazima na moja la nyumbani. Wajapani nao waliazima, tena zaidi ya mara moja: tamko shō ni la tabaka la kale, nalo limebaki sana katika maneno ya dini ya Kibudha, na sei ni la tabaka lililoletwa baadaye kutoka Uchina ya enzi ya Tang. Tofauti ni kwamba msomaji wa 9 ana hiari, na Mjapani hana. Neno ndilo liamualo. Mara nyingi hata mkia wa neno, uandikwao kwa herufi za silabi, ndio unaomwambia msomaji shina litamkweje: 生きる ni ikiru, lakini 生まれる ni umareru. Katika Kiswahili zaa huwa zaliwa na zalisha, mkia ukageuka na shina likabaki na sauti yake. Huku mkia hutawala shina.

Sasa na lilinganishwe neno moja alilolichagua Heisig kwa herufi hii, neno la Kiingereza ambalo kwa Kiswahili lingekuwa uhai, au uzima, au maisha. Mfasiri anakwama papo hapo, kwani haya matatu si kitu kimoja, na hakuna hata moja limfikishalo mwanafunzi kwenye samaki mbichi au jino linaloota. Hapo ndipo ushahidi wa Heisig unapomgeukia mwenyewe. Mwanafunzi wa Kichina hana maana iliyotengwa na sauti. Analo neno hai, sheng, ambalo kwao ni kuzaa, ni kuishi, ni kukua na ni ubichi pia. Alichokuja nacho ni lugha. Neno la Kiingereza lililowekwa mahali pa sheng haliwezi kuchukua mzigo huo.

Haki yake Heisig asinyimwe. Mkono wa mwanafunzi wake hujifunza kuandika bila kubabaika, na jicho lake huacha kuona msitu wa mistari na kuanza kuona sehemu zenye mpango. Hiyo si faida ndogo. Kosa liko katika kuita faida hiyo maana, na katika kuiacha sauti nje mpaka herufi zote ziishe.

Herufi 先 na 生 zikiandikwa pamoja husomwa sensei. Mwenye kujua maneno ya Heisig pekee ana “kabla” na “uhai” mkononi, na aweza kukisia mengi, hata maisha yaliyotangulia haya, asifike kamwe kwa mwalimu, yaani yule aliyetangulia kuzaliwa. Mtoto wa Kijapani hufundishwa herufi zote mbili katika darasa la kwanza, miongoni mwa 80 za mwaka huo. Yeye hakisii. Neno sensei lilikuwa kinywani mwake kabla hajashika kalamu, na siku anapoziona herufi zake ubaoni, anayemwonyesha ni sensei mwenyewe.