Kichujio Kilichomeza Barua za Halmashauri

Aliyechoshwa na barua pepe za Facebook hufungua mipangilio na kuandika kanuni ya haraka: kila barua yenye neno notification katika anwani ya mtumaji iondolewe kikashani. Kanuni hiyo ina mantiki, maana Facebook hutuma arifa zake kutoka notification@facebookmail.com. Lakini kwa mkazi wa London ni ya hatari. Serikali ya Uingereza nayo ina mtambo wake wa kutuma ujumbe, GOV.UK Notify, ulioanza kazi mwaka 2016, na wizara, halmashauri za mitaa na taasisi za NHS huutumia. Barua pepe zake huja na anwani zinazoishia notifications.service.gov.uk. Outlook, ikiagizwa kutafuta neno ndani ya anwani ya mtumaji, huridhika na kipande tu, wala haijali ile s ya mwisho. Basi siku ile ile mtu anapopumzika na waliopenda picha zake, huacha pia kuona barua za halmashauri, na hakuna kinachomwambia.

Kwa Waafrika Mashariki wa jiji hili hasara hiyo si ndogo. Mazungumzo yetu yalihamia WhatsApp zamani: tanzia, michango ya harusi, mzigo wa kupeleka Dar, hata ugomvi wa chama. Barua pepe imebakia ya mambo rasmi: miadi ya hospitali, kodi ya halmashauri, shule za watoto, wakala wa nyumba. Na tangu mwisho wa 2024, kadi za ukaazi za BRP zilipoanza kuachwa na eVisa kushika nafasi yake, ushahidi wa haki ya mhamiaji kukaa nchini uko kwenye akaunti ya mtandaoni iliyounganishwa na barua pepe na simu yake.

Mitandao ya kijamii, kwa upande wake, haiandiki kwa sababu ina habari ya kukupa. Barua pepe ndiyo njia iliyobaki ya kumfikia aliyeifuta programu kwenye simu au asiyeifungua tena. Tazama barua zenyewe zinavyotungwa: zitakuambia fulani ametoa maoni, lakini mara nyingi maoni hayo hayamo, ukiyataka, rudi ukumbini. LinkedIn ilivuka hata hapo. Ilituma mialiko kwa jina la mwanachama kwa watu waliokuwa kwenye orodha yake ya anwani, kisha ikawafuatilia na barua za kuwakumbusha. Kesi iliyofunguliwa California mwaka 2013 iliisha kwa kampuni, bila kukiri kosa, kukubali kulipa dola milioni 13.

Kwa hiyo kazi ianzie kwenye mtandao wenyewe, kikasha kifuate. Hapa ndipo wengi huhisi wamechezewa. Mtu anabofya kiungo cha kujiondoa chini ya barua ya LinkedIn, na kesho yake inaingia nyingine. Hakudanganywa hasa: alichozima ni aina moja ya barua, tuseme ya mialiko, ilhali za nafasi za kazi na za pongezi zina swichi zake. Dawa ni kuingia kwenye mipangilio ya arifa na kuzima barua pepe aina kwa aina, ukiacha zile za usalama wa akaunti. Inachosha, na nadhani imetengenezwa ichoshe.

Kitufe cha kujiondoa ambacho Gmail huweka juu ya barua, karibu na jina la mtumaji, ni kitu kingine kabisa, na ufundi wake unastahili kutazamwa. Kila barua pepe ina sehemu ambayo msomaji haioni, kichwa chake, ambako mashine huachiana maagizo. Tangu 1998, kwa kanuni ya RFC 2369, kichwa hicho kinaweza kubeba mstari wa List-Unsubscribe unaotaja mahali pa kupeleka ombi la kujiondoa. Ulikuwa na kasoro moja ya ajabu: programu za kukagua usalama zilifungua viungo vyote ili kuvipima, na kwa kufanya hivyo zikawaondoa watu kwenye orodha walizozitaka. RFC 8058 ya Januari 2017 ikaongeza mstari wa pili, List-Unsubscribe-Post. Ombi la kweli sasa hutumwa kwa njia ya POST, na mkaguzi anayefungua viungo tu hatumii njia hiyo.

Kwa miaka saba watumaji wengi hawakujishughulisha nao. Kisha Februari 2024 Google ikaanza kutumia masharti mapya, na Yahoo ikaweka yanayofanana nayo: anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenye akaunti za Gmail aweke kujiondoa kwa mbofyo mmoja katika barua za matangazo na za usajili, na ombi litekelezwe ndani ya siku mbili. Mkaidi anahatarisha barua zake zote kutupwa kwenye taka. Barua zenyewe ziliendelea kuruhusiwa kuja. Kilichobadilika ni gharama ya kuzing'ang'aniza.

Kinachosalia baada ya hapo ndicho cha kuchujwa. Vichupo vya Gmail vilivyoletwa 2013, kikiwemo cha mitandao ya kijamii, humsaidia anayesomea ndani ya Gmail. Anayetumia programu ya Mail ya iPhone hupokea kwa IMAP, na huko vichupo hivyo vya Gmail havipo: barua zote zimo kwenye kikasha kimoja. Kichujio chenye amri ya kuruka kikasha na kubandika lebo ni imara zaidi, kwa kuwa huondoa lebo ya kikasha kwenye barua yenyewe, na kila programu huona hivyo.

Kichujio kishike nini, basi? Si neno, kama tulivyoona, wala si kikoa kizima. Facebookmail.com ndiyo pia huleta security@facebookmail.com, barua ya kukujulisha kwamba mtu ameingia kwenye akaunti yako kutoka kifaa kigeni. Ukiificha, mwizi umempa nafasi. Katika Gmail mstari huu unatosha: from:facebookmail.com -from:security@facebookmail.com. Udhaifu wake ni kwamba anwani ya mtumaji ni mali ya mtumaji. Twitter ilijiita X mwaka 2023, kikoa kikahamia x.com mwaka uliofuata, na vichujio vilivyoandikwa kwa twitter.com vikabaki vinalinda mlango usiopitwa.

Njia ninayoipendelea mimi ni kuchuja kwa anwani uliyoitoa wewe. Gmail, Outlook na Fastmail hukubali alama ya kujumlisha baada ya jina, kwa hiyo mtandao unaweza kupewa jina+mitandao@gmail.com, na barua zitafika kwenye kikasha kile kile. Kichujio kisha kinatazama mpokeaji. Mtandao ubadilishe jina au kikoa, bado utaandikia anwani uliyoupa. Zipo tovuti zinazoikataa alama hiyo, na ule mstari wa kutoa barua za usalama bado unahitajika. Kwa wenye Fastmail au Proton kuna Sieve, lugha ya kuchujia iliyosanifiwa 2001, inayoweza kusoma mstari wowote wa kichwa, ukiwemo ule ambamo Facebook hutaja aina ya arifa.

Sheria haisaidii sana hapa. Kanuni za faragha za mwaka 2003, PECR, zinadai ridhaa kwa barua za kutangaza biashara, si kwa taarifa za huduma, na mitandao huishi kwenye mpaka wa hayo mawili. "Fulani amekutaja" ni taarifa. "Huenda unamfahamu fulani", kwa maoni yangu, ni tangazo lililovaa kanzu ya taarifa. Tanya O'Carroll, mwanaharakati wa London, aliishtaki Meta mwaka 2022 akitumia haki ya kukataa data zake zitumike kumtangazia. Machi 2025 walipatana, na Meta ikakubali kuacha kumlenga kwa matangazo. Ilikuwa kesi ya matangazo ya ukurasani, tena iliishia kwenye suluhu bila hukumu, kwa hiyo mwenye kikasha bado anajitegemea.

Kabla ya kukiamini kichujio, usikipe amri ya kufuta. Kiache kibandike lebo tu, tuseme mitandao, kwa wiki chache, kisha andika kwenye kisanduku cha kutafutia: label:mitandao from:gov.uk. Rudia kwa nhs.uk, nhs.net na kikoa cha shule ya mtoto. Ikitokea hata barua moja, kichujio ni kipana mno. Kipunguze, uirudishe barua hiyo kikashani, na usome imekuja lini.