Pongezi kwa Mafundi wa Picha za Arusi

Tangu mwaka 1975, Steven Sasson wa kampuni ya Kodak huko Marekani alipounda kamera ya kidijitali iliyohitaji sekunde 23 kuhifadhi picha moja, ala za kazi ya kupiga picha zimekuwa nyepesi mno, hata wengine wakadhani kwamba ufundi wenyewe umekwisha. Dhana hiyo, kwa rai yangu, ni batili. Mtazame mpiga picha wa arusi za pwani wakati wa adhuhuri, bwana arusi akiwa katika kanzu nyeupe na joho jeusi: fundi hodari hupunguza mwanga makusudi, kwa kuwa weupe ukishaungua hakuna programu iwezayo kuirejesha darizi ya shingoni, ilhali giza, maadamu picha imehifadhiwa katika faili ghafi, huinuliwa baadaye kwa taratibu ndani ya programu ya Lightroom. Kisha hukesha mbele ya kompyuta akisawazisha rangi, asithubutu kuwageuza watu ngozi zao (wako wafanyao hivyo, na si uungwana). Basi, enyi wenye arusi, mlipeni ujira wake kamili, wala msimhimize kabla hajamaliza kuzisafisha picha zenu.