Panya Ndani ya Kofia ya Mtu Mkuu

Ben and Me, riwaya ya watoto aliyoitunga na kuichora Mmarekani Robert Lawson mwaka 1939, ni kitabu chembamba, lakini kina jambo zito kwa msomaji wa historia. Msimulizi wake ni Amos, panya fukara wa kanisani mjini Philadelphia, mmoja wa watoto 26. Njaa na baridi vyamtoa kwao, naye aingia nyumbani mwa Benjamin Franklin, wakafunga mapatano: panya akae ndani ya kofia ya manyoya na kumnong’oneza bwana mashauri, bwana atoe jibini na mkate kwa jamaa ya panya. Tangu hapo kila sifa ambayo vitabu vyampa Franklin, Amos aidai kuwa yake.

Majivuno hayo ndiyo chemchemi ya kicheko. Amos atia mkono katika kalenda ya mwaka iliyopigwa chapa na Franklin, akavuruga majira ya maji kujaa na kupwa, na vyombo vikapanda mchangani. Msomaji wa pwani yetu hahitaji kuelezwa ghadhabu ya manahodha.

Lakini ubora wa kitabu u katika habari ya tiara. Kila mwanafunzi husoma kwamba mwaka 1752 Franklin alirusha tiara katika dhoruba ili ajue kama radi ni umeme. Katika riwaya, aliyepandishwa juu na tiara ni Amos. Avuta kamba kuomba ashushwe. Bwana, kwa furaha ya elimu yake, hashughuliki. Mmoja apata sifa, mwingine aungua. Hapo mzaha wageuka kuwa swali, na Lawson hakulihubiri. Ameliacha lisimame lenyewe. Sungura wa ngano zetu naye hudanganya na kushinda, ila yeye hana mwaka wala mji. Amos amewekwa katikati ya tarehe za kweli, kwa hiyo mtoto hawezi kumcheka barabara mpaka aijue kweli anayoipotosha.

Hata hivyo, shahidi huyu mdogo ana upofu, nami siwezi kuupita. Nchini Ufaransa Amos aongoza vita ndani ya jumba la Versailles ili kuwakomboa watoto wa panya mmoja, Sophia, waliotekwa. Twashangilia. Lakini Franklin wa kweli alimiliki watumwa. Gazeti lake, Pennsylvania Gazette, lilichapa matangazo ya kuwauza na ya kuwasaka waliotoroka. Mwaka 1757, alipokwenda London na mwanawe, walifuatana na watumwa wawili, Peter na King. King alitoroka hukohuko Uingereza. Uzeeni Franklin aligeuka: mwaka 1787 akawa rais wa chama cha kupinga utumwa cha Pennsylvania, na mwaka 1790, miezi michache kabla ya kufa kwake, alitia sahihi ombi kwa Bunge la Marekani. Safari hiyo ndefu ya nafsi, ambayo msiri wa kofiani angeijua kuliko mtu yeyote, Lawson hakuifanya kuwa hadithi ya panya wake.

Sisemi kitabu kifungiwe kabatini. Mwalimu akisome na wanafunzi wake, wacheke hadi mwisho, kisha awape kazi ya kuandika sura ambayo Amos hakuisimulia: yumo kofiani, katika chumba cha mitambo ya chapa, na chini yake bwana apanga herufi za tangazo la mtumwa aliyetoroka.