Dola yako inakatwa wapi? Juu ya mashauri ya « zero frais »



Tangu vijana wengi wa hapa Likasi walianza kufanya kazi za intaneti, kama kutafsiri, kuandika, kuchora logo, kuingiza data ao kusahihisha maandishi ya mashine, kuna mafundisho ya aina moja yanayozunguka mu vikundi vyetu vya WhatsApp. Mara ni video, mara ni sauti, mara ni picha ya karatasi yenye mishale. Yote yanaahidi kitu kimoja: namna ya kutoa makuta yako ya nje pasipo kukatwa frais za kubadili sarafu. Nimetazama mengi. Leo nataka kuyapima moja kwa moja, juu batu wanayafuata kama mapishi, na mengine yanakula makuta kuliko yale makato yenyewe.

Kosa la kwanza ni la mahali. Video nyingi tunazotumiana zinatoka Nairobi, Lagos ao Dar es Salaam. Kule mafundisho yana maana yake. Mukenya anayeleta makuta yake ya PayPal mu M-Pesa, njia ile ilifunguliwa mwaka 2018, anapokea shilingi. Dola yake lazima igeuke, apende asipende. Kwa hiyo swali lake ni: nani atanigeuzia kwa bei ya afadhali? Sisi tunachukua jibu lake wakati swali letu ni lingine.

Huku kwetu dola haihitaji kugeuka. Bakubwa wetu wanakumbuka sababu. Mu miaka ya 1990 zaïre ilianguka mpaka mushahara wa asubuhi haukununua kitu mangaribi. Mwaka 1994 bei zilipanda karibu 9.800%. Wakaleta zaïre mpya 1993, kisha franc congolais 1998, lakini imani ilikuwa imekwisha kuhama. Leo, karibu tisa kwa kumi ya makuta yaliyowekwa mu benki za nchi ni dola. Konti ya dola unafungua bila shida ya sheria. Mashini za benki zinatoa dola. M-Pesa, Airtel Money na Orange Money, kila moja ina mufuko wa franga na mufuko wa dola mu telefone moja. Kodi ya nyumba ku centre-ville inatajwa kwa dola, na pikipiki inauzwa kwa dola. Basi mu Likasi swali la kwanza si « nani anabadilisha kwa bei rahisi ». Swali ni « juu ya nini nibadilishe? »

Shauri lolote lisiloanza na swali hilo, ninaliweka pembeni.

Sasa tuangalie mashauri yenyewe.

La kwanza: « Tumia huduma fulani, haina frais. » Hapa neno frais linadanganya. Anayekugeuzia sarafu ana mahali pawili pa kuchukua faida. Pa kwanza ni makato yanayoandikwa. Pa pili ni kiwango chenyewe: anakununulia euro kwa bei ya chini kuliko ile ya soko, na hakuna mustari wowote unaosema hivyo. PayPal, mu karatasi yake ya bei ya Marekani, inaongeza 3% ao 4% juu ya kiwango cha msingi, kufuatana na aina ya operesheni. Angalau imeandikwa. Wengine wanaweka zero kubwa ya rangi mbele, na wanajilipa nyuma.

Tufanye hesabu. Tuseme muteja wa Bruxelles anakutumia euro 200, na siku ile euro moja ni dola 1,10. Ungepaswa kuona dola 220. Huduma ya « zero frais » inakuhesabia 1,06, unapata 212. Dola 8 zimekwenda, karibu 3,6%, na karatasi inaandika sifuri. Njo maana Benki ya Dunia, ikipima bei ya kutuma makuta, inajumlisha vyote viwili, makato na tofauti ya kiwango. Kwa dola 200, wastani wa dunia unazunguka 6%, na kwa Afrika kusini ya Sahara ni mukubwa zaidi. Mataifa yaliahidi kufika chini ya 3% mwaka 2030. Sisi watoto wa Afrika tuna haki ya kuuliza kiwango, hapana frais peke yake. Ulizo ni moja tu: « Akituma hii, mimi nitashika ngapi? » Linganisha jibu hilo na jibu la huduma nyingine siku ileile. Mengine ni matangazo.

La pili: « Pitisha ku konti ya ndugu yako ya Zambia. » Hili ni la kwetu kabisa, juu Kasumbalesa si mbali na kila familia ina mutu ng'ambo. Dola inaingia kule, inageuka kwacha, ndugu anavuka na kwacha ao anaituma, halafu hapa inageuka tena dola. Ni mageuzi mawili. Kila moja ikikula 3%, mu dola 100 unabakia na 94 na senti 9, na hujahesabu taksi, wala kitu kidogo cha ndugu. Umekimbia makato mara moja ili ukutane nayo mara mbili.

Na kuna hatari nyingine ambayo video hazitaji. Konti za PayPal na Payoneer zinadai jina la konti lifanane na jina la benki na la kitambulisho. Ukijifanya unakaa Lusaka ao Nairobi, ukaazima namba ya telefone, ukaficha mahali ulipo, kila kitu kitaenda muzuri mpaka siku wanapokuomba karatasi. Siku ile makuta hayakatwi 3%. Yanafungwa yote. Na utamulilia nani, wakati wewe mwenyewe njo uliandika kama unaishi pengine?

La tatu: « Omba muteja akulipe kwa USDT, kisha uza kwa mutu. » Sisemi haifanyi kazi, inafanya, na kwa wengine njo njia peke yake iliyobaki. Ninakataa tu kuiita njia isiyokatwa. Kuna makato ya mutandao, kuna tofauti ya bei kati ya kununua na kuuza, na kuna dakika ile umekwisha kutuma lakini yule mutu bado hajakulipa. Dakika ile haina benki ya Congo inayokulinda. Ukihesabu, hesabu na dakika ile.

La nne linatoka kwetu wenyewe na linaonekana dogo: « Acha iingie kwa franga, utanunua dola kwa kambisti. » Mara nyingi hata haliamuliwi; mutu anasahau kuchagua mufuko wa dola mu telefone, na makuta yanaingia mufuko wa franga. Kambisti wa ku Kikula ana bei mbili, ya kununua na ya kuuza, na anakula kati yake. Hiyo ni haki yake, ni kazi. Lakini kama kodi yako ni ya dola, juu ya nini upitie kwake?

Hapa kuna mwenye kusema: franga ni sarafu ya taifa, na kila anayeikimbia anaizamisha. Neno hilo si la kucheka. Na mwaka 2025 lilitupa somo. Kati ya 2013 na 2015 dola ilikaa karibu franga 920. Mwaka 2024 ilifika karibu 2.800, tukazoea kama dola inapanda tu. Halafu mwisho wa 2025 franga ikapata nguvu, dola ikashuka chini ya 2.500. Bei nyingi ku soko hazikushuka kwa mbio ileile. Aliyekuwa na dola na anayekula kwa franga aliumia, bila mutu yeyote kumukata frais. Kwa hiyo dola si dini. Kanuni yangu ni nyepesi: unga, mukaa na taksi unalipa kwa franga, basi badilisha kadiri ya unga, mukaa na taksi. Kodi, masomo na kompyuta unalipa kwa dola, basi acha dola iwe dola. Sarafu ya mapato ifuate sarafu ya matumizi. Anayefanya hivyo haizamishi franga. Anakataa tu kulipia mageuzi asiyoyahitaji.

Kisha kuna makato ambayo hayana uhusiano na sarafu, na njo yanawala wengi wetu. Makato ya kutoa ku majukwaa mara nyingi ni kiasi kimoja kilichokatwa, hata utoe ngapi. Tuseme benki na jukwaa pamoja wanachukua dola 30 kwa virement. Ukitoa dola 100, umeacha 30%. Ukingoja ufike 600, umeacha 5%. Hakuna hila ya kiwango inayoweza kushinda subira hiyo. Najua kungoja ni rahisi kusema: mwenye nyumba hangoji. Lakini kwa anayeweza, ni afadhali kutoa mara moja kila miezi miwili kuliko kila juma.

Katika virement ya kimataifa, ulizia tena benki ya katikati. Dola ikitoka Marekani haifiki Likasi kwa mruko mmoja; inapita benki nyingine, na ile inaweza kuchukua chake njiani. Kama muteja ana moyo, aandike OUR, maana yake mutumaji analipa yote. Akiandika SHA, munagawana, na wewe utapata pungufu bila kujua nani alichukua. Ukitumia karti ku mashini, na mashini ikakuuliza kama unataka ikubadilishie kwa sarafu nyingine, kataa. Na ukipewa noti ku dirisha, itazame palepale mbele ya kesie. Noti yenye kupasuka kidogo tu, hapa haikubaliwi. Ya dola moja vilevile. Kule zilikotoka ni makuta kamili, hapa kambisti anakukata juu ya mupasuko wa milimeta mbili. Hata hiyo ni frais.

Mpaka hapa nimesema kama vile wale wa video: fanya hivi, epuka hivi. Lakini lawama yangu kubwa kwao ni nyingine. Wanatufundisha kama vile tatizo lote ni ujanja wa mutu mmoja. Ukikatwa, ni wewe hukuwa mujanja. Si kweli.

Makato ya kwanza ya kijana wa Likasi yanakuja mbele ya dola yoyote. Karti ya muchaguzi, ambayo njo kitambulisho chetu cha kila siku, majukwaa mengi ya nje hayaitambui. Yanataka pasipoti. Kwa miaka pasipoti ya Congo ilikuwa dola 185, kisha ikashushwa 99. Kwa mutu aliyetafuta dola 100 zake za kwanza wakati ule, ile ilikuwa 99% ya makato. Tena, Oktoba 2022 GAFI iliweka nchi yetu mu orodha yake ya kijivu, na benki za nje zinapoona jina la nchi iliyo mu orodha ile, zinauliza karatasi nyingi na kuchelewesha. Hata ungejua viwango vyote vya dunia, hayo hayakwepeki kwa ujanja.

Na tulinganishe na jirani zetu. Mu jimbo hili hili, makampuni ya shaba na kobalti yana sheria nzima juu ya dola zao: kodi ya madini ya 2002 iliwadai warudishe nchini 40% ya mauzo ya nje; ile ya 2018 ikapandisha mpaka 60% wakati wanapolipa mitaji yao. Wabunge walibishana, mawaziri walisema, magazeti yaliandika. Mugradue wa UNILI anayetafsiri kurasa kumi usiku kwa mwanga wa telefone, naye anauza kitu nje na analeta dola nchini. Yeye anarudisha 100%, na ku dirisha hakuna hata karatasi ya bei iliyobandikwa inayomwambia atakatwa ngapi. Anajua akiisha kukatwa.

Kwa hiyo naomba kitu kimoja kwa chama chetu, na si video nyingine. Tutengeneze jedwali letu. Kila mwenye kupokea makuta ya nje aandike mistari minne: ametumiwa ngapi na kwa sarafu gani, amepitia njia gani, ameshika ngapi mukononi, siku ngapi. Bila jina lake, bila namba ya konti. Tukipata mistari mia moja, tutajua njia gani inakata kweli hapa Likasi, hapana Lagos. Na tukienda ku benki tukiwa na mistari mia moja, hatutaomba musaada. Tutauliza kwa nini ile bei haijabandikwa ku mulango.

Mwenye kuanza aweke mistari yake hapa chini. Hata kama ni ya dola ishirini.