Kekopey na Kikopey: Jina Moja, Hoteli za Aina Mbili

Nakuru neno "hoteli" lina maana mbili. Ya kwanza ni pale unapoingia na mia mbili mfukoni, ukaagiza chapati na madondo, ukala, ukaenda zako. Ya pili ina geti, askari wa kuandika nambari ya gari, na bei za dola. Hakuna mtu huku anayezichanganya.

Hizi za pili, hasa zile ndogo za Naivasha, Elementaita na Njoro, nyingi zikiwa nyumba za zamani za walowezi, zina fasihi yake kabisa. Soma maelezo yake matatu manne utaona ploti ni ileile. Mzungu anafika. Ardhi ni tupu. Anajenga nyumba ya mawe, anapenda wanyama, anakufa. Nyumba inabaki, na wewe unaweza kulala humo, kiamsha kinywa kikiwemo. Watu weusi wakitokea, wamebeba trei.

Chukua Kekopey, juu ya Ziwa Elementaita. Lilikuwa shamba la Galbraith Cole, shemeji yake Delamere, na sehemu yake leo ni hoteli ya kitalii. Mara nyingi utamsoma akiitwa "Lord" Cole. Hakuwa Lord. Alikuwa mtoto mdogo wa Earl wa Enniskillen, na watoto wa namna hiyo hawarithi cheo. Lakini "Lord" inauza, kwa hivyo marehemu amepandishwa cheo na watu wa matangazo.

Kinachoachwa ndicho kizito. Ardhi haikuwa tupu. Mwaka wa 1904 Waingereza waliwafanya viongozi wa Wamaasai, akiwemo Olonana, watie alama kwenye mkataba wa kuondoka Bonde la Ufa, wengine wakaelekea Laikipia, wengine kusini. Kuanzia mwaka wa 1911 wale wa Laikipia nao wakaondolewa. Mwaka huohuo wa 1911, Cole alimpiga risasi na kumuua Mwafrika aliyemshuku kuiba kondoo. Jopo la wazungu likamwachilia. Hata serikali ya kikoloni iliona aibu, ikamfukuza nchini. Alirudi vita vya 1914 vilipoanza, akafa 1929, akazikwa hapo Kekopey.

Sasa, kazi yangu. Niliacha chuo karo ilipogoma, na tangu hapo naandika kwa kulipwa, pamoja na maelezo ya hoteli. Kuna moja ya Bonde la Ufa, sitaitaja, iliyotaka maneno mia tatu kuhusu "historia ya nyumba". Niliweka sentensi moja tu juu ya 1904. Ikafutwa. Sababu niliyopewa: wageni wako likizo, hawataki huzuni.

Wacha tuipime hiyo sababu, maana si ya mteja mmoja, ni ya soko lote. Je, wageni wa likizo hawapendi maiti? Wanapenda sana. Mwaka wa 1941 Lord Erroll, huyu Lord kweli, alipigwa risasi ndani ya gari karibu na Karen. Kifo chake kimezaa vitabu, kimezaa filamu ya 1987, na nyumba aliyokaa Naivasha inatajwa hadi leo kwa sauti ya umbea mtamu. Kwa hivyo tatizo si huzuni. Tatizo ni maiti ni ya nani. Erroll ni kiungo cha hadithi. Yule aliyeuawa kwa ajili ya kondoo ni doa kwenye kitambaa cha meza.

Nisiwe mkali bure. Sehemu hizi ni nzuri, na uzuri wenyewe si uongo. Elementaita iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2011, na ukiona wanaja wakitua jioni utanyamaza tu. Lakini hata mandhari yana maneno yake. Kile kilima ng'ambo ya ziwa, chenye umbo la mtu aliyelala chali, wengine hukiita Shujaa Aliyelala, yaani morani wa Kimaasai. Wengine hukiita Pua ya Delamere. Kilima ni kimoja. Kuchagua jina ni kuchagua nani alikuwa hapa.

Na ndio maana nampenda kondakta wa matatu ya Gilgil. Yeye hupaza sauti "Kikopey!" bila kujua anataja shamba la Cole. Hiyo Kikopey ya nyama choma, ya mbuzi kwa kilo, ubao wa mbao na kachumbari, ni Kekopey iliyopita mdomoni mwetu. Shamba liliuzwa kwa wakulima, watu wakajenga, wakalima. Hata nyani waliokuwa wakichunguzwa na mtafiti Shirley Strum tangu 1972 ilibidi wahamishiwe Laikipia mwaka wa 1984. Watu walirudi, nyani wakaenda njia ya Wamaasai.

Kikopey nayo ina kosa lake. Haisimulii chochote. Tunakula, tunalipa kwa M-Pesa, tunaondoka. Tumewaachia wenye geti kazi yote ya kukumbuka, halafu tunashangaa wanakumbuka upande mmoja.

Dawa si kubomoa nyumba. Andikeni aya moja zaidi. Kariandusi iko hapo jirani, na shoka zake za mawe zina umri wa mamia ya maelfu ya miaka. Anzeni na hizo, mje kwa Wamaasai, mje kwa Cole na bunduki yake, mje kwa waliopika na kufua katika nyumba hiyo. Mgeni aliyelipa dola mia tatu anaweza kustahimili aya moja. Na wewe, siku ukingoja mbuzi aive Kikopey, mwulize mzee wa meza inayofuata shamba hili lilikuwa la nani. Nyama bado haijaiva, una muda.