Nafsi ya Kuazimwa: Mtunzi Mtaalamu wa Nyimbo na Suala la Jina

Sauti nzito ya Jim Reeves imesikika katika redio za Kenya kwa miongo kadhaa, na kwa wasikilizaji wengi ndiyo kielelezo cha muziki wa kantri wa Marekani. Miongoni mwa nyimbo zake mashuhuri ni "He'll Have to Go", iliyotolewa mwaka 1959. Nafsineni wa wimbo huo ni mwanamume anayezungumza kwa simu na mpenzi wake, naye mpenzi yuko na mwanamume mwingine; athari yote ya tungo imejengwa juu ya sauti ya chini, sauti ya mtu asiyetaka kusikiwa na watu wa kando. Wanaoutaja wimbo huu huuita wimbo wa Jim Reeves. Waliouandika ni Joe Allison na Audrey Allison. Kabla ya Reeves ulikuwa umekwisha kurekodiwa na Billy Brown, wala haukushika. Maneno ni yaleyale. Kilichobadilika ni kinywa.

Makala haya yanadhamiria kuchunguza hadhi ya mtunzi wa namna hiyo: mtu anayeandika nyimbo kwa ajili ya kuimbwa na wengine, akaifanya kazi hiyo kuwa riziki yake ya kila siku. Uhakiki wa Kiswahili una mazoea ya kuzigawa tungo katika makundi mawili. Upande mmoja kuna ushairi, wenye malenga anayejulikana kwa jina na mara nyingine kwa lakabu. Upande wa pili kuna wimbo wa kibiashara, unaochukuliwa kuwa bidhaa isiyostahili kuchambuliwa ila pengine na wanasosholojia. Mgawanyo huu unastahili kutiliwa shaka. Mtunzi mtaalamu wa Nashville hutenda kazi kwa kanuni kali za fani, na kanuni hizo hazieleweki pasipo kuzitazama pamoja na masharti ya kazi yenyewe: nani hulipwa, kwa lipi, na jina la nani hubaki kwenye karatasi.

Kwa hakika hali hii si ngeni katika Uswahili. Katika taarab ya Mombasa, mshairi kumpa mwimbaji shairi alitie sauti ni jambo la kawaida. Mohamed Khamis Juma Bhalo aliimba tungo za Ahmad Nassir Juma Bhalo, malenga ambaye diwani yake, Malenga wa Mvita, ilichapishwa mwaka 1971. Msikilizaji wa harusini husema "wimbo wa Bhalo" akimkusudia mwimbaji, naye msomaji wa diwani husema vivyo hivyo akimkusudia mshairi. Ukoo mmoja umewaokoa wahakiki na aibu ya kuulizwa ni Bhalo yupi. Tofauti kubwa ni kwamba malenga wa Mvita alikuwa na diwani ya kumhifadhia jina, ilhali mtunzi wa Nashville hana kitabu. Ana mistari midogo chini ya jina la wimbo kwenye lebo ya sahani, na mkataba kabatini kwa mchapishaji.

Mchapishaji huyo ndiye aliyeuanzisha utaalamu wenyewe. Mwaka 1942 Fred Rose na Roy Acuff walianzisha Acuff-Rose mjini Nashville, kampuni ya kuchapisha nyimbo, na mwaka 1946 ikamwandikisha Hank Williams. Lakini Williams alikuwa mwimbaji wa tungo zake mwenyewe. Mfano ulio safi zaidi ni wa Boudleaux na Felice Bryant, mume na mke waliohamia Nashville mwaka 1950 na ambao aghalabu hutajwa kuwa wa kwanza mjini humo kuishi kwa kuandika tu, bila ya kuwa waimbaji wa kutegemewa jukwaani. "Bye Bye Love" yao inasimuliwa kuwa ilikataliwa na waimbaji wapatao 30 kabla ya ndugu wawili, Everly Brothers, kuipokea mwaka 1957. Habari hii husimuliwa kama kisa cha subira, na subira ilikuwamo. Kwa mhakiki, hata hivyo, ina maana nyingine: tungo iliyoweza kupelekwa kwa waimbaji 30 ni tungo iliyoandikwa isimfunge yeyote kati yao.

Hapo ndipo ilipo kanuni kuu ya fani hii. Mtunzi huunda nafsi ya kwanza isiyo na mwenyewe. "Mimi" wa wimbo lazima awe na uzito wa kutosha kuaminika, na wakati huohuo awe na uwazi wa kutosha kuvaliwa na mtu mwingine, kama kanzu iliyoshonwa bila ya kumpima mvaaji. Kazi hii ni ngumu kuliko inavyodhaniwa.

Tungo mbili za Dolly Parton zadhihirisha jambo hili. "Coat of Many Colors", iliyotolewa mwaka 1971, ni kumbukumbu ya koti lililoshonwa na mama yake kwa vitambaa vya viraka, na dhihaka aliyoipata shuleni kwa kulivaa. Ina mama, ina shule, ina umaskini wa mahali maalumu milimani Tennessee. Mwimbaji mwingine anaweza kuiimba, lakini ataimba maisha ya Parton. "I Will Always Love You", aliyoiandika mwaka 1973 akimuaga Porter Wagoner, ambaye alikuwa ameshiriki naye kipindi chake cha televisheni tangu 1967, haina hata kimoja cha vitu hivyo. Televisheni haimo. Wagoner hayumo. Hakuna mji wala kazi wala mwaka. Kuna anayeondoka na anayeachwa, na takia njema. Tukio lililouzaa wimbo lilikuwa la kikazi kabisa, la mfanyakazi kumuaga bwana wake, nalo limefutwa hata ukawa wimbo wa mapenzi ya aina yoyote. Ndiyo maana mwaka 1992 Whitney Houston aliweza kuuchukua kwa ajili ya filamu The Bodyguard, ukakaa kileleni mwa orodha ya Billboard kwa majuma 14, bila ya msikilizaji kuhisi kwamba maneno yametolewa katika muziki mwingine. Mhakiki anayependelea wasifu wa mwandishi atasema tungo ya kwanza ni bora kwa kuwa ni ya kweli zaidi. Makala haya yanaona kinyume. Kufuta ni kazi ya utunzi kama kutaja, na katika tungo ya pili kufuta kumefanywa kwa mkono ulio imara.

Lugha nayo ina sehemu yake. Kiingereza hubainisha jinsia katika nafsi ya tatu umoja, na kila mtunzi anayetaja "yeye" huwa amekwisha kuchagua nusu ya waimbaji na kuiacha nusu nyingine. Kwa hiyo wataalamu wa Nashville hukimbilia "mimi" na "wewe", na wingi wa nyimbo za moja kwa moja, mtu kwa mtu, una sababu hii pamoja na nyinginezo. "Crazy" ya Willie Nelson, mwanamume, iliweza kuimbwa na Patsy Cline mwaka 1961 bila ya badiliko la maana. Lakini "Me and Bobby McGee" ya Kris Kristofferson, ambayo Fred Foster alichangia wazo la jina lake na kutajwa kuwa mtunzi mwenza, inasimulia habari za msafiri mwenza katika nafsi ya tatu. Roger Miller alipoirekodi mwaka 1969 Bobby alikuwa mwanamke; Janis Joplin alipoiimba, Bobby akageuka mwanamume. Joplin alifariki Oktoba 1970, na rekodi yake ikafika kileleni mwaka 1971. Mtunzi wa Kiswahili angeandika "alilala", "aliimba", "aliondoka", na tungo ingepita kinywani mwa yeyote bila ya kuguswa. Uhuru huu, ambao Kiswahili kinaupata bure katika kiambishi kimoja, haujachunguzwa vya kutosha katika uhakiki wa mashairi ya taarab.

Kristofferson anastahili neno moja zaidi. Alisoma fasihi Oxford kwa ufadhili wa Rhodes, akapangiwa kufundisha katika chuo cha kijeshi cha West Point, naye mwaka 1965 akaiacha nafasi hiyo, akaenda Nashville kufagia sakafu katika studio za Columbia. Wanaofundisha fasihi watajiamulia wenyewe la kusema juu ya hilo.

Suala la jina ndilo linalotenganisha kazi na kipaji. Nelson, kabla ya kujulikana, aliuza "Family Bible" kwa dola 50 na "Night Life" kwa dola 150. "Family Bible" ilipovuma mwaka 1960 kwa sauti ya Claude Gray, jina la Nelson halikuwamo miongoni mwa watunzi. Alikuwa ameuza zaidi ya mapato. Aliuza ule mstari mdogo kwenye lebo. Baadaye aliandikishwa na kampuni ya Pamper Music kwa dola 50 kwa juma, na tofauti kati ya dola 50 hizo mbili ni tofauti kati ya kibarua na mtunzi. Parton alikabiliwa na jaribio lililo kubwa zaidi. Elvis Presley alitaka kuirekodi "I Will Always Love You", lakini meneja wake, Colonel Tom Parker, akadai nusu ya haki za uchapishaji. Parton alikataa, akakosa sauti iliyokuwa mashuhuri kuliko zote, na miaka takriban 20 baadaye Houston akamletea malipo ya subira hiyo. Ni rahisi kulisifu jambo hili baada ya kuujua mwisho wake. Siku ile ya kukataa, hapakuwa na Houston.

Sheria imejengwa juu ya mgawanyo uleule wa sauti na neno. Nchini Marekani redio ya kawaida humlipa mtunzi na mchapishaji, haimlipi mwimbaji. Kwa nakala inayouzwa, mtunzi na mchapishaji walipokea senti 2 tangu 1909 hadi 1978. Kiwango kikapanda hatua kwa hatua hadi senti 9.1 mwaka 2006 na senti 12 mwaka 2023. Watunzi watatu walioandika pamoja, mchapishaji akichukua nusu, kila mmoja hubakiwa na senti 2 za hizo 12, na nakala zenyewe siku hizi hazinunuliwi kwa wingi kwa kuwa wasikilizaji wamehamia kwenye intaneti. Zamani wimbo wa saba katika albamu, usiopigwa redioni kamwe, ulimlipa mwandishi wake kwa kila nakala sawasawa na ule uliovuma. Riziki hiyo ya wastani, iliyowalea watunzi wasio na jina kubwa mpaka wakakomaa, ndiyo iliyokauka.

Kuhusu pop, maneno machache yatatosha. Gerry Goffin, kijana wa kiume wa miaka 21, ndiye aliyeandika maneno ya "Will You Love Me Tomorrow" mwaka 1960 kwa sauti ya Carole King mkewe, na nafsi inayosema humo ni ya msichana mwenye hofu ya kesho. Walioimba ni wasichana wa kundi la Shirelles. King alipoirekodi mwenyewe katika Tapestry, mwaka 1971, swali lilelile likawa la mwanamke mtu mzima. Max Martin wa Stockholm, aliyeandika "...Baby One More Time" (1998) baada ya kundi la TLC kuikataa, huutanguliza mlio wa irabu mbele ya maana ya neno. Wengi humlaumu kwa hilo. Mhakiki aliyelelewa kwa vina na mizani hana haki ya kushangaa, ingawa ana haki ya kudai kwamba kina kisiwe kisingizio cha utupu.

Utupu huo ndio unaotia wasiwasi leo. Huko Music Row, Nashville, utunzi wa miadi umekuwa desturi: watu wawili au watatu hukutana asubuhi katika chumba cha mchapishaji, na jioni wimbo uwe tayari. Si vibaya; akina Bryant pia walikuwa wawili. Malumbano ya washairi wa Mombasa nayo yalikuwa utunzi wa pamoja kwa namna fulani, ila kila ubeti ulibaki na mwenyewe, wa kulaumiwa na kujibiwa. Wimbo wa pop wenye majina sita au zaidi hauna wa kujibiwa. Aidha waimbaji nao wametambua thamani ya mstari ule mdogo, na wengine huomba waingizwe humo. Msikilizaji kwa upande wake sasa anataka ungamo la kweli la mwimbaji. Taylor Swift, aliyeandikishwa na Sony/ATV kama mtunzi akiwa na miaka 14, aliandika albamu nzima ya Speak Now (2010) peke yake, na msikilizaji akapewa uhakika kwamba "mimi" ni yeye. Ni ushindi kwa Swift, na ni mlango uliofungwa kwa akina Allison wa leo.

Mwaka 1967 Roland Barthes alitangaza kifo cha mwandishi, na uhakiki wa vyuo vikuu ukaupokea msiba huo kwa furaha. Nadharia hiyo ni nyepesi kwa profesa, ambaye jina lake limo kwenye jalada. Mtunzi wa nyimbo amekuwa akifa masikioni mwa watu tangu zamani, na ndiyo sababu hawezi kumudu kufa kwenye karatasi. Kenya inalijua hili kutokana na "Malaika", uliorekodiwa na Fadhili William, ukaimbwa na Miriam Makeba na Boney M., na ambao utunzi wake umegombaniwa kwa miaka mingi. Hata hivyo tahakiki za taarab bado huandika "Bhalo anasema", na kuendelea kuchambua tashibihi na istiara, pasipo kumwambia msomaji ni Bhalo yupi aliyeziteua.