Heshima si Utumwa

Wahenga walituachia usemi mfupi: heshima si utumwa. Katika miaka yangu ya ukuu wa shule niliutumia usemi huo karibu kila mwanzo wa muhula, nikiwataka vijana wa kidato cha kwanza wawaamkie walimu, wavue kofia ofisini na kusimama mgeni anapoingia darasani. Sikupata kufikiri kwamba usemi huo unaweza kusomwa kutoka upande wa pili, ukawa onyo kwa mkubwa badala ya fundisho kwa mdogo. Aliyenionyesha upande huo ni mwandishi wa Peru, nchi ambayo sijaikanyaga.

Kitabu chenyewe ni riwaya ya Mario Vargas Llosa iliyotoka mwaka 1963. Jina lake kwa Kihispania lina maana ya “Mji na Mbwa”. Mimi niliisoma kwa tafsiri ya Kiingereza, nakala chakavu niliyoinunua baada ya kustaafu kwa wauza vitabu wa kando ya barabara jijini Dar es Salaam. Mara ya kwanza ilinishinda, nikaiacha katikati. Wasimulizi hubadilika bila taarifa, na yamo matendo ya vijana ambayo siwezi kuyaandika katika kurasa hizi. Lakini mwezi Aprili mwaka 2025, niliposikia kwamba mwandishi amefariki akiwa na umri wa miaka 89, niliitoa tena kabatini nikaisoma mpaka mwisho. Safari hii haikuniacha nilale.

Riwaya inahusu shule ya sekondari ya kijeshi ya Leoncio Prado, iliyoko ufukweni Callao, jirani na Lima. Ni shule ya kweli, na mwandishi aliisoma mwenyewe. Baba yake alimpeleka huko mwaka 1950, akiwa na umri wa miaka 14, akitumaini kwamba jeshi litamtoa kijana katika mambo ya mashairi na kumfanya mwanamume. Alikaa miaka miwili. Wazazi wa namna hiyo nimewapokea wengi ofisini kwangu. Mzazi anaketi, anamtazama mwanawe kwa jicho la kukata tamaa, kisha anasema, “Mwalimu, nakuachia huyu, mnyooshe.” Samaki mkunje angali mbichi, tunasema. Ila samaki akikunjwa na mtu asiyemtazama, huvunjika.

Katika shule hiyo wanafunzi wapya huitwa mbwa. Kwetu tuliwaita njuka, na walioishi bwenini wanajua njuka alifanyiwa nini usiku taa zikizimwa. Kijana mmoja shupavu, wanayemwita Jaguar, anakataa kuonewa na wakubwa. Anaunda kikundi cha kujilinda, na kikundi hicho kinageuka kuwa cha wizi. Mwingine, Ricardo Arana, ni mpole, hapigani, basi wenzake wanambandika jina la Mtumwa. Nilipofika hapo niliweka kitabu chini kidogo. Vijana wenyewe wamekwisha kupambanua jambo ambalo maofisa wao hawajalipambanua. Wanajua nani anaheshimiwa na nani anatumwa tu, na wanajua kwamba njia ya kutoka kundi la pili kwenda la kwanza ni ngumi.

Kisa kinaanza kwa kete. Wenye kikundi wanacheza kete kuamua nani ataiba mtihani wa Kemia, na inamwangukia Cava, kijana wa milimani. Anaiba, lakini anavunja kioo cha dirisha. Wakubwa wanaamuru kwamba waliokuwa zamu usiku ule hawatatoka shuleni mwisho wa juma mpaka mwizi ajulikane. Mtumwa ni mmoja wao, na yuko msichana mjini anayetamani sana kumwona. Majuma yanapita, anashindwa kuvumilia, anakwenda kumtaja Cava. Cava anafukuzwa mbele ya gwaride zima, alama za shule zikinyofolewa katika sare yake. Baadaye, katika mazoezi ya vita, Mtumwa anapigwa risasi ya kichwa na kufa.

Hapa ndipo kitabu kinapoonyesha uzito wake. Alberto, kijana anayeitwa Mshairi, anakwenda kwa Luteni Gamboa na kusema kwamba kifo kile si ajali. Jaguar amelipiza kisasi. Gamboa ni ofisa mkali kuliko wote. Anazijua kanuni kwa moyo, naye ndiye pekee ambaye vijana wanamwogopa na kumheshimu kwa pamoja, kwa kuwa sheria anayowatoza wao anaifuata yeye kwanza. Anaipeleka taarifa juu, kama kanuni zinavyotaka. Wakubwa wake hawaitaki. Wamekwisha sema kwamba kijana alijipiga mwenyewe kwa bahati mbaya, na jina la shule ni lazima lilindwe. Kanali anamwita Alberto, anamtolea hadithi za aibu alizokuwa akiwaandikia wenzake, na kumpa nafasi ya kuchagua: ama afute maneno yake, ama wazazi wake wazione karatasi hizo. Alberto anafuta. Gamboa anahamishiwa Juliaca, mbali huko milimani. Mwishowe Jaguar mwenyewe anamwendea na kukiri, na Gamboa anamwambia kwamba wakati umekwisha kupita.

Wasomaji wengi husema kwamba hii ni riwaya ya kulaani jeshi. Mimi sikuisoma hivyo. Nimeisoma kama riwaya ya mlango wa ofisi. Mara mbili mdogo anabisha hodi akiwa na jambo la kweli. Mara ya kwanza ukweli wake unanunuliwa kwa ruhusa ya kutoka, na anauawa. Mara ya pili ukweli unakabwa koo kwa vitisho. Katika shule ile vijana hupiga saluti na kusimama wima kuanzia alfajiri, lakini hawana njia ya salama ya kumwambia mkubwa neno asilotaka kulisikia. Nidhamu yao ni ya macho: inakaa katika macho ya anayewatazama. Ushahidi umo katika darasa la Kifaransa la mwalimu Fontana, raia asiye na cheo wala bunduki. Vijana walewale wanaotulia kama nguzo mbele ya Gamboa humfanyia mzee huyo kila dhihaka.

Nina malalamiko mawili juu ya kitabu. La kwanza ni Teresa, yule msichana wa mjini. Vijana watatu wanampenda kwa nyakati mbalimbali, lakini mwandishi hakumpa nafasi ya kusema yanayomkaa moyoni kama alivyowapa wavulana. Katika kitabu kinacholalamikia watu kutosikilizwa, hilo ni pungufu kubwa. La pili ni zito zaidi. Kwa kumwangusha Gamboa, mwandishi anaelekea kutuambia kwamba mtu wa haki hawezi kudumu ndani ya sare. Hapo nampinga, kwa sababu nilimwona mmoja.

Nilikwenda Jeshi la Kujenga Taifa mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa mujibu wa sheria, kabla ya chuo cha ualimu. Siku moja jembe lilipotea, na afande wa kombania yetu akaniangushia mimi lawama. Nilitumikia adhabu siku tatu. Siku ya nne jembe likaonekana stoo, mahali alipoliweka yeye mwenyewe. Asubuhi kwenye paredi alinitoa mstarini. Nikadhani nimepata balaa jingine. Akasema mbele ya kombania yote, kwa sauti ileile ya kutolea amri, “Huyu hakukosa. Nilikosea mimi.” Kisha akaniamuru nirudi mstarini, tukaenda shambani. Tangu siku ile hakuna aliyemchezea. Tulikuwa tunamtii kwa kuwa ana cheo. Sasa tulimtii hata akiwa hayupo.

Ningependa kusema kwamba niliubeba mfano huo hadi kwenye kazi yangu. Nilichokibeba ni paredi.

Mwaka 1986 nilikuwa mkuu wa shule ya bweni ya wavulana. Mchakamchaka ulianza saa kumi na moja alfajiri, na gwaride la Jumamosi lilikuwa fahari yangu. Muhula mmoja mtihani wa Hisabati uliibwa. Nikafuta ruhusa za kutoka kwa bweni zima mpaka mwizi atajwe, na nikatangaza kwamba sitasikiliza ombi la mtu yeyote. Juma la tatu, magharibi, kijana wa kidato cha tatu akaja kugonga nyumbani kwangu. Akaniamkia, akataja jina la mwizi, kisha akaniomba ruhusa. Mama yake alikuwa amelazwa katika hospitali ya wilaya, mwendo wa saa moja tu kwa miguu, na alikuwa huko tangu juma la kwanza.

Nilimfukuza mwizi. Jumamosi iliyofuata, kabla sijaondoa adhabu kwa wengine, nilimpa kijana yule ruhusa. Alitoka getini peke yake, mchana kweupe, bweni zima likitazama. Ningemkabidhi mikononi mwao nisingefanya vizuri zaidi. Usiku wa Jumapili walimfunika blanketi na kumpiga. Asubuhi, uso umevimba, nilimwuliza kilichomsibu. Akasema, “Nimeanguka bafuni, Mwalimu.” Alikuwa ameniambia ukweli mara moja, na aliona ulivyomgharimu. Mimi nilijua. Mgeni kutoka wilayani alikuwa anatarajiwa juma lile, nami nikaandika katika daftari la matukio: ameanguka bafuni. Mgeni alikuja, gwaride lilipendeza, akatusifu kwa nidhamu. Kijana alimaliza muhula, hakurudi tena.

Ndiyo maana nasema kitabu hakikuniacha nilale. Nilipomsoma yule Kanali nilitafuta mahali pa kumcheka, nikaona mwandiko wangu.

Siku hizi nasikia tena maneno ya zamani. Utaratibu wa mujibu wa sheria ulisitishwa mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013, na wahitimu wa kidato cha sita wamekuwa wakiitwa makambini. Wazazi wananiambia haitoshi. Wanataka sare na kwata zianze mapema zaidi sekondari, kwa maana watoto hawana adabu. Mimi si adui wa kwata. Nimeona kijana mtoro akijifunza kuamka, na mtoto wa tajiri akijifunza kupiga deki pamoja na mtoto wa mkulima. Lakini ningewashauri wanaomtafutia mtoto shule ya namna hiyo wasiridhike na kutazama gwaride. Wamwulize mkuu wa shule: mdogo kabisa katika shule hii akiwa na neno zito, anagonga mlango upi, na kesho yake anaamkaje? Kama jibu halipo, basi watoto wale wanafundishwa kuogopa, nasi tunauita woga huo heshima kwa sababu vyote viwili husimama wima.

Kuhusu Gamboa, mwandishi anatuachia ofisa aliyefanya haki na akashindwa. Ni mwisho mchungu, na pengine ndivyo ulimwengu ulivyo. Lakini hata katika kushindwa kwake yuko mbele yangu, kwa kuwa yeye aliandika taarifa ya kweli.

Nami sasa nina miaka zaidi ya sabini, na paredi ya kusimama mbele yake sina, ila kurasa hizi. Kijana yule, ambaye sasa ni mtu mzima, kama yu hai na yakamfikia haya, namwomba radhi. Hakuanguka bafuni. Nilijua asubuhi ile ile, na nilikosea mimi.